Wanawake Wapiganaji na Wanawake Waliokalia Viti vya Wanaume: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu wanawake waliobeba silaha, walioongoza majeshi, au waliopewa na jamii zao nafasi ambayo kwa desturi ilikuwa ya mwanamume: kuoa, kurithi, kuketi barazani na wazee. Baadhi yao ni watu wa historia ambao tarehe zao zinajulikana, wengine ni wa visakale, na wachache wako katikati.

Je, Waamazoni wa Wagiriki walikuwapo kweli?

Taifa la wanawake pekee, wasioishi na wanaume, kama Wagiriki wa kale walivyolisimulia, halikuwapo. Penthesilea, malkia wa Waamazoni aliyeuawa na shujaa wa Kigiriki Achilles mbele ya kuta za Troy, ni mhusika wa kisakale. Hata hivyo, nyuma ya visakale hivyo walikuwapo watu halisi ambao Wagiriki walikutana nao kaskazini mwa Bahari Nyeusi, yaani Waskithia na jirani zao Wasauromatia, wafugaji wa farasi waliohamahama katika nyika ambazo leo ziko Ukraine, Urusi na Kazakhstan. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema kwamba wanawake wa Kisauromatia waliwinda wakiwa juu ya farasi, walikwenda vitani, na kwamba msichana wao hakuolewa mpaka awe ameua adui.

Kwa muda mrefu wasomi walilichukua simulizi hilo kuwa porojo ya msafiri. Makaburi ya nyika hizo yalipochimbwa na mifupa kupimwa, mambo yalionekana tofauti: wako wanawake waliozikwa na mishale, mikuki na hatamu za farasi, na baadhi ya mifupa hiyo ina makovu ya vita, vikiwemo vichwa vya mishale vilivyokwama humo humo. Zamani kaburi lenye silaha liliandikwa papo hapo kuwa la mwanamume, bila mtu kuitazama nyonga ya marehemu. Mazingira yenyewe yanaeleza mengi. Mtu aliyefundishwa kupanda farasi na kuvuta upinde tangu utotoni hahitaji kifua kipana ili awe hatari, na katika kambi ya wafugaji ambayo wanaume wake wamekwenda mbali na mifugo, msichana asiyejua kutumia silaha ni mzigo kwa wenzake.

Ni kweli kwamba walikata titi la kulia ili wavute upinde vizuri?

Si kweli. Wachoraji na wachongaji wa Kigiriki wenyewe waliwaonyesha Waamazoni wakiwa na matiti yote mawili, na wanawake wanaoshindana kulenga shabaha kwa upinde leo hawapati tabu yoyote.

Agojie wa Dahomey walikuwa nani, na kwa nini mfalme aunde jeshi la wanawake?

Hao ndio mfano ulioandikwa kwa ukamilifu kuliko mingine yote, na kwa hiyo wanastahili jibu refu. Dahomey ilikuwa milki ya Wafon katika nchi ambayo leo ni Benin, na mji wake mkuu ulikuwa Abomey. Masimulizi ya huko yanawataja wanawake wawindaji wa tembo tangu enzi ya Mfalme Houegbadja katika karne ya 17, na yanamtaja pia Tassi Hangbe, mwanamke aliyetawala kwa muda mfupi mwanzoni mwa karne ya 18 kabla ya kaka yake Agaja kushika kiti na jina lake kuondolewa katika orodha rasmi ya wafalme. Agaja ndiye aliyeiteka Allada mwaka 1724 na bandari ya Ouidah mwaka 1727. Lakini aliyewafanya wanawake hao kuwa jeshi la kudumu, lenye vikosi, sare na vyeo, ni Mfalme Ghezo, aliyetawala kuanzia mwaka 1818 hadi 1858. Wageni waliofika Abomey wakati huo walikadiria idadi yao kuwa kati ya elfu mbili na elfu sita.

Sababu za kuwaunda zilikuwa zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya kasri: usiku hapakuruhusiwa mwanamume yeyote kulala ndani ya kuta za ikulu isipokuwa mfalme, na mlinzi wa ndani kwa hiyo alilazimika kuwa mwanamke. Ya pili ni ya kisiasa. Wanawake hawa walihesabiwa kuwa wake za mfalme, hata kama wengi wao hawakuwahi kumkaribia, na mtu aliyekatwa kutoka ukoo wake akawa wa mfalme peke yake si rahisi kushawishiwa na ndugu mwenye tamaa ya kiti. Ya tatu ni upungufu wa wanaume, ambao vita vya mara kwa mara na biashara ya utumwa viliwamaliza. Inafaa kukumbuka pia kwamba utaratibu wa ikulu ya Dahomey ulimpa kila afisa wa kiume mwenzake wa kike, aliyeitwa mama yake, aliyesikiliza taarifa zake na kuzikumbuka mbele ya mfalme. Jeshi la wanawake liliota katika ardhi iliyokwisha kulimwa.

Mafunzo yao yaliwatisha wageni. Waliparamia na kuvuka kuta za miiba kwa miguu mitupu, waliishi msituni siku kadhaa kwa chakula kidogo, na walitumia magobore, mapanga, pinde, na wembe mkubwa wa kukunja uliohitaji mikono miwili. Walipotoka nje ya kasri, kijakazi alitangulia akipiga kengele ili wanaume wapishe njia na kugeuza nyuso. Kuzini na mmoja wao kuliweza kuwagharimu wote wawili maisha.

Vita vyao havikuwa ushindi mtupu. Mwaka 1851 walishiriki kushambulia mji wa Abeokuta wa Waegba, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, wakashindwa vibaya, na inasimuliwa kwamba Waegba walipogundua kuwa waliokuwa wakipigana nao ni wanawake walipandwa na hasira mpya, kwa kuwa kushindwa nao kungekuwa aibu isiyofutika. Jaribio la pili la mwaka 1864 nalo halikufaulu. Wafaransa walipokuja, mwaka 1890 na tena mwaka 1892 chini ya Jenerali Alfred-Amédée Dodds, Agojie walipigana mpaka wengi wao wakaangamia, si kwa kukosa ushujaa bali kwa sababu bunduki za kisasa na singe ndefu za Wafaransa ziliwamaliza kabla panga halijafika. Abomey ilianguka Novemba 1892, na Mfalme Béhanzin alipelekwa uhamishoni Martinique.

Je, Agojie walijiona kuwa wanawake waliothibitisha kwamba mwanamke anaweza?

Hapa ndipo msomaji wa leo anapokosea mara nyingi. Frederick Forbes, afisa wa Kiingereza aliyetembelea Abomey mwaka 1849 na 1850, aliandika hotuba ya mmoja wao aliyesema kwamba kama mhunzi anavyochukua pande la chuma na kulibadilisha umbo kwa moto, ndivyo wao walivyobadilisha maumbile yao. Hawakuwa wanawake tena, walikuwa wanaume. Kumwita adui aliyeshindwa mwanamke kulibaki njia ya kumdhalilisha hata vinywani mwao. Kwa maneno mengine, Dahomey haikubadili fikra kwamba vita ni kazi ya kiume. Ilibadili hesabu ya nani ni mwanamume.

Kwa maoni yangu huu ndio ufunguo wa sehemu kubwa ya habari hizi, kutoka Albania hadi kwa Wanandi wa Kenya. Jamii nyingi zilizompa mwanamke nafasi ya kiume zilifanya hivyo bila kulegeza mpaka uliopo kati ya kazi za jinsia mbili. Zilimvusha mtu mmoja upande wa pili, tena kwa sharti, na sharti hilo karibu kila mara liligusa uzazi: asiolewe, asizae, au awe amepita umri wa kuzaa.

Inawezekanaje kuwasifu, ilhali Dahomey iliuza watumwa?

Swali ni la haki na halina jibu la kustarehesha. Uchumi wa Dahomey katika karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19 ulitegemea mateka waliouzwa Ouidah, na Agojie walishiriki katika misafara ya kuwakamata. Mateka wengine wa kike walifunzwa na kuingizwa katika jeshi hilo hilo. Benin ilisimamisha sanamu ya Agojie yenye urefu wa mita 30 mjini Cotonou mwaka 2022, na ina haki ya kuwakumbuka waliokufa wakiikabili Ufaransa. Lakini wajukuu wa waliovamiwa nao wana kumbukumbu zao, na hakuna sababu ya kuzinyamazisha ili shujaa abaki msafi.

Vipi kuhusu wanawake waliojifanya wanaume kwa siri ili wapigane?

Hawa ni kundi jingine kabisa, kwa kuwa jamii haikuwapa ruhusa bali ilidanganywa. Anayejulikana zaidi ni Hua Mulan wa China, ambaye anatoka katika utenzi mfupi unaohusishwa na enzi ya Wei ya Kaskazini, karibu karne ya 5 au 6. Jina la baba yake limeandikwa katika orodha ya wanaotakiwa jeshini, baba ni mzee, na hakuna mtoto wa kiume mkubwa. Binti ananunua farasi na tandiko sokoni, anapigana kwa miaka 12, anakataa cheo anachopewa na mfalme, anarudi nyumbani na kuvaa nguo zake za zamani. Wenzake wa vitani wanashangaa. Mulan anakubalika katika maadili ya Kichina kwa sababu alikwenda kwa utii kwa baba, na akarudi mahali pake kazi ilipokwisha. Angekipokea kile cheo, nadhani utenzi huo usingefundishwa kwa watoto.

Wako pia wenye kumbukumbu za kiserikali. Nadezhda Durova alihudumu katika jeshi la farasi la Urusi wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na Mfalme Alexander wa Kwanza alipojua siri yake alimruhusu aendelee na kumpa cheo. Deborah Sampson alijiunga na jeshi la Marekani mwaka 1782 kwa jina la kiume, akajitibu mwenyewe jeraha la paja ili daktari asimvue nguo, na aligunduliwa tu alipougua homa kali. Wanaouliza iliwezekanaje wakumbuke kwamba majeshi ya zamani hayakuwapima waliojiandikisha kama yanavyofanya sasa, askari walilala na nguo zao, na vijana wasio na ndevu walikuwa wengi.

Nzinga wa Angola alikuwa malkia au mfalme?

Alijiita mfalme. Nzinga Mbande alizaliwa karibu mwaka 1583 katika ukoo wa watawala wa Ndongo. Mwaka 1622 alitumwa Luanda na kaka yake kufanya mazungumzo na gavana wa Kireno, na alipoona kwamba gavana ana kiti naye amewekewa mkeka, alimwamuru mtumishi wake ainame na akaketi mgongoni mwake mpaka mazungumzo yakaisha. Kaka yake alipokufa mwaka 1624, Nzinga alishika madaraka, lakini wapinzani wake walidai kwamba mwanamke hawezi kutawala Ndongo. Jibu lake lilikuwa la kivitendo: alioa waume kadhaa, akawavisha nguo za kike na kuwalaza pamoja na wanawake wa kasri, akawapa wanawake silaha kuwa walinzi wake, na akaongoza vita yeye mwenyewe. Aliiteka milki jirani ya Matamba, alishirikiana na Waholanzi walipoishika Luanda kuanzia mwaka 1641 hadi 1648, na mwaka 1656 alifanya amani na Ureno baada ya miongo mitatu ya mapambano. Naye pia aliuza mateka. Alifariki Desemba 1663 akiwa na umri wa takribani miaka 80, akiwa mtawala, jambo ambalo wachache katika orodha hii walilipata.

Kaburi la Birka linathibitisha kwamba Waviking walikuwa na wanawake wapiganaji?

Linathibitisha kwamba mtu mmoja aliyezikwa kama mpiganaji wa cheo cha juu alikuwa mwanamke. Kaburi hilo la karne ya 10 huko Sweden lilichimbwa mwaka 1878, likakutwa na upanga, shoka, mkuki, mishale, ngao mbili, farasi wawili na kete za mchezo wa kupanga vita. Kwa zaidi ya karne liliitwa kaburi la mwanamume, mpaka vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2017 vilipoonyesha kinyume. Baadhi ya wataalamu walisema kwamba kuzikwa na silaha si lazima kumaanishe kuzitumia, na kwa kweli hoja hiyo ina uzito. Lakini hoja hiyo hiyo haikusikika kwa nguvu katika miaka yote ambayo marehemu aliaminiwa kuwa mwanamume.

Katika historia ya Uislamu wapo?

Wapo. Nusaiba binti Kaab, anayejulikana pia kama Umm Umara, alikwenda kwenye vita vya Uhud mwaka 625 akiwa amebeba kiriba cha kuwanywesha majeruhi; wapiga mishale walipoacha nafasi zao na mambo yakageuka, alichukua upanga na kumkinga Mtume, akapata jeraha kubwa begani. Baadaye alipoteza mkono katika vita vya Yamama. Khaula binti Azwar, anayesimuliwa kwamba alificha uso na kuwavamia askari wa Rumi ili kumwokoa kaka yake Dhirar, anatoka katika masimulizi ya kutekwa kwa Sham (Syria na jirani zake) ambayo wanahistoria wengi wanayaona kuwa ya baadaye na yenye kutiwa chumvi. Tofauti ya wawili hawa ni muhimu kwa mwalimu wa madrasa au wa shule anayewataja pamoja.

Afrika Mashariki ilikuwa na wanawake wapiganaji?

Ilikuwa nao, ingawa wengi walioshika uongozi wa vita hawakupigana kwa mikono yao. Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914, walipotaka kodi na vijana wa kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani, watu wakamfuata, kisha akawaapisha wanaume na wanawake katika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa viapo vya kutoshirikiana na serikali. Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mekatilili ni kinyume cha Agojie: hakuomba kuhesabiwa mwanamume. Alisema kama mama ambaye wanawe wanachukuliwa, na ngoma aliyoitumia ilikuwa mali ya wanawake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomchora akiwa na mkuki.

Njia nyingine ya uongozi ilikuwa mizimu. Muhumusa, aliyesema kuwa alikuwa mke wa Mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliwaongoza watu wa mpakani mwa Rwanda na Uganda kwa nguvu ya mzimu aitwaye Nyabingi dhidi ya wakoloni, akakamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuzuiliwa Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945. Mtu anayesema kwa kinywa cha mzimu haulizwi jinsia yake. Hata hivyo miaka 34 ya kizuizini inaonyesha jinsi serikali ilivyomwogopa. Upande wa Tanganyika, Mkomanile, kiongozi mwanamke wa Kingoni aliyesaidia kuingiza maji ya vita katika nchi ya Songea, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na makumi ya wanaume. Singida nako wanamsimulia Liti Kidanka wa Wanyaturu, ambaye inasemekana aliwatupia Wajerumani makundi ya nyuki.

Aliyepigana hasa, kwa bunduki, ni Muthoni wa Kirima wa Kenya. Wanawake wengi wa Mau Mau walipeleka msituni chakula, dawa, risasi na habari. Muthoni alianza hivyo, kisha akaingia msituni mwenyewe, akajeruhiwa kwa risasi, na ndiye mwanamke pekee aliyepata cheo cha Field Marshal. Alitoka msituni mwaka 1963, nchi ilipopata uhuru. Nywele zake za msituni zilikatwa mwaka 2022 tu, katika hafla ya hadhara, naye akafariki Septemba 2023.

Pwani ya Waswahili iliwajua malkia zaidi ya wapiganaji. Mombasa inamkumbuka Mwana Mkisi katika masimulizi ya kuanzishwa kwake, na Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea Wareno chakula walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus. Baada ya ngome kuanguka mwaka 1698, Waomani walimchukua Muscat. Hilo lilikuwa chaguo la kisiasa, na lilimgharimu.

Kwa nini mwanamke wa Kinandi au Kikurya anaoa mwanamke mwenzake?

Anaoa ili nyumba yake isife. Katika desturi za Wanandi wa Kenya, mali ya mwanamume hugawanywa kwa nyumba, kila mke na nyumba yake, na ng'ombe na ardhi ya nyumba hurithiwa na watoto wa kiume wa nyumba hiyo. Mwanamke aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume huona mali yake ikielekea kwa watoto wa wake wenza au wa shemeji zake. Kwa hiyo hutoa mahari, huoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana huyo na mwanamume mwingine huwa watoto wa aliyeoa. Wao humwita baba. Tangu siku hiyo mwanamke aliyeoa huhesabiwa kuwa mwanamume: hatakiwi tena kuzaa, hatakiwi kubeba mzigo kichwani kama wanawake, na anaweza kusema katika mambo ya mahari, ardhi na mifugo. Watafiti walioishi nao katika miaka ya 1970 walieleza kwamba hali halisi ilikuwa na mikunjo zaidi, kwa kuwa wengi wa wanawake hao waliendelea na kazi nyingi za kike nyumbani, na si kila kikao cha wanaume kiliwapokea. Uanaume wao ulikuwa na nguvu palipohusika urithi, na ulififia kadiri mtu alivyosogea mbali na zizi.

Kwa Wakurya wa mkoa wa Mara nchini Tanzania, na wenzao wa upande wa Kenya, desturi inayofanana nayo huitwa nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye ng'ombe lakini asiye na mtoto wa kiume humwoa binti, na binti huzaa na mwanamume ambaye hana dai juu ya watoto. Katika miaka ya karibuni wako wasichana wanaoeleza kwamba wanaipendelea kuliko kuolewa na mume anayepiga. Wako pia wanaoilalamikia, kwa kuwa binti wa familia maskini anaweza kuozwa akiwa mdogo kwa mkwe ambaye ndiye huyo huyo mume, na mwanamume aliyezaa naye hawajibiki kwa lolote. Sifa hizo na malalamiko hayo ni ya kweli kwa wakati mmoja, na anayeipamba desturi hii kama ukombozi wa mwanamke anamsahau yule mdogo kati ya hao wawili.

Je, hizi ni ndoa za kimapenzi, na sheria inasemaje?

Kimila si za kimapenzi, na wenyewe huudhika wakiambiwa hivyo. Tendo la ndoa kati ya wawili hao si sehemu ya makubaliano. Ni taasisi ya ukoo na mali. Kuhusu sheria, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na nyumba ntobhu haimo, jambo linaloleta shida wakati wa mirathi na matunzo ya watoto. Nchini Kenya, Mahakama Kuu mjini Mombasa mwaka 2011 iliitambua ndoa ya aina hii ya Kinandi katika shauri la mirathi, ikampa aliyeolewa na watoto wake haki ya kurithi mali ya marehemu aliyemwoa.

Burrnesha wa Albania ni nani?

Ni wanawake wa milima ya kaskazini mwa Albania na sehemu jirani waliokula kiapo cha kutoolewa na kutofanya mapenzi maisha yao yote, mbele ya wazee wa jamii, na kwa kiapo hicho wakawa wanaume machoni pa watu. Walikata nywele, walivaa suruali, walibeba bunduki, walivuta tumbaku na kunywa pamoja na wanaume, na walikuwa wakuu wa nyumba zao. Sheria ya mila ya huko, Kanun, haikumruhusu mwanamke kurithi wala kuongoza nyumba, na visasi vya damu viliweza kuwamaliza wanaume wote wa familia moja. Binti aliyekula kiapo aliziba pengo hilo. Wengine walikula kiapo ili wamkatae mchumba waliyechaguliwa bila familia yake kuhesabu kwamba imetukanwa na hivyo kudai damu. Leo wamebaki wachache, wengi wao wazee, kwa sababu binti wa sasa anaweza kukataa mchumba au kumiliki shamba bila kulipa bei hiyo.

Jeanne d'Arc alichomwa moto kwa sababu ya kuvaa suruali?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Waliomhukumu msichana huyo wa Kifaransa mjini Rouen walikuwa na sababu za kisiasa, kwa kuwa mwaka 1429 alisaidia kuondoa mazingiwa ya Orléans na kumpeleka Charles wa Saba kutawazwa, mambo yaliyowaumiza Waingereza. Lakini mashtaka yalihitaji umbo la kidini, na mavazi ya kiume yalikuwa ushahidi usiohitaji shahidi. Alipokubali kuyaacha aliponea. Alipoonekana ameyavaa tena gerezani, hilo lilichukuliwa kuwa kurudia uasi, naye akachomwa tarehe 30 Mei 1431. Hukumu ilibatilishwa mwaka 1456, na Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920.

Msomaji atatofautishaje kisakale na historia?

Aulize kwanza habari iliandikwa lini na nani alifaidika kuiandika. Tomoe Gozen, mpiganaji wa Kijapani anayesemekana kukata kichwa cha adui huko Awazu mwaka 1184, anatoka katika masimulizi ya kishujaa yaliyokusanywa baada ya vita, na kumbukumbu za wakati wake hazimtaji. Nakano Takeko, aliyeongoza wanawake wenye mikuki yenye makali mapana katika ulinzi wa Aizu mwaka 1868 na kuuawa kwa risasi, ana kaburi na watu waliomjua. Amina, malkia wa Zazzau katika nchi ya Wahausa, anatajwa katika kitabu cha historia ya Kano kilichoandikwa muda mrefu baada ya enzi yake, ndiyo maana hata karne aliyoishi inabishaniwa. Amanirenas wa Kushi, milki ya kale katika nchi ambayo leo ni Sudan, anasimama imara zaidi. Strabo, aliyeishi wakati huo huo, aliandika kuhusu malkia wa Kushi mwenye jicho moja ambaye majeshi yake yalivamia ngome za Rumi kusini mwa Misri karibu mwaka 25 kabla ya Kristo na kuziangusha sanamu za Kaisari Augusto. Mwaka 1910 wachimbaji walikuta huko Meroe kichwa cha shaba cha Augusto, kimefukiwa chini ya kizingiti cha jengo, mahali ambapo kila aliyeingia alimkanyaga.